Una sifa za kuitwa kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira? Jihakiki kabla hujatuma maombi

Kila orodha ya walioitwa kwenye usaili inapotoka, kuna watu wenye shahada nzuri ambao majina yao hayamo. Kuna na wale ambao majina yamo, wanasafiri hadi kituoni, kisha wanazuiwa mlangoni. Katika hali zote mbili elimu ya mtu huwa si tatizo. Kinachomwangusha ni cheti cha kuzaliwa chenye tarehe tofauti na ya NIDA, jina la kati lililofupishwa kwenye cheti cha kidato cha nne, au leseni ya daraja lisilotakiwa. Mambo haya hurekebishika, ila marekebisho yake huchukua wiki kadhaa na tangazo la kazi halikusubiri.

Mwongozo huu unahusu nafasi za Tanzania Bara na taasisi za Muungano zinazopitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chombo kilichowekwa na kifungu cha 29 cha Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298. Nafasi za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar zina utaratibu wake chini ya Tume ya Utumishi Serikalini Zanzibar. Polisi, Uhamiaji, Magereza, Zimamoto na JWTZ nao hutoa matangazo yao wenyewe, yenye masharti ya umri na afya ambayo hayafanani na haya.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba sifa zako zitapimwa mara tatu. Kwanza ni kwenye mfumo, maombi yanapochujwa. Pili ni siku ya usaili, unapokaguliwa vyeti halisi kabla ya kuingia. Tatu ni kwa mwajiri, siku unayoripoti na kabla hujakabidhiwa barua ya ajira. Karatasi zinazokaguliwa ni zile zile mara zote tatu. Kasoro iliyopita kwenye mfumo bila kuonekana hukukuta mbele, ukiwa umeshatumia nauli.

Hatua ya 1: Jua tangazo ni la nani

Matangazo yote yanapatikana kwenye mfumo wa portal.ajira.go.tz, lakini hayafanani. Baadhi hutolewa na Sekretarieti kwa niaba ya wizara, wakala, mashirika na vyuo. Mengine hutolewa na halmashauri zilizopata kibali cha ajira, na maombi yake hupita kwenye mfumo huo huo.

Tofauti hii inagusa barua yako ya maombi. Tangazo la Sekretarieti hutaka barua ielekezwe kwa Katibu, Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma. Tangazo la halmashauri hutaka barua ielekezwe kwa Mkurugenzi wa halmashauri hiyo, kwa anwani yake. Watu wengi wana barua moja waliyoiandika zamani na wanaipakia kila mahali. Barua iliyoelekezwa kwa Katibu ikiwekwa kwenye maombi ya halmashauri, au kinyume chake, ni maombi yaliyokiuka masharti ya tangazo hata kama mwombaji ana sifa zote.

Barua iandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, itaje jina la nafasi kama lilivyo kwenye tangazo, na isainiwe kwa mkono. Hili la sahihi linasahaulika kuliko unavyodhani: mtu anaandika kwenye kompyuta, anahifadhi kama PDF na kupakia moja kwa moja. Chapisha, saini, ndipo uskani.

Hatua ya 2: Uraia na umri

Mwombaji awe raia wa Tanzania. Sheria ya Uraia haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo aliyechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari hana tena sifa hii, hata kama bado anatunza cheti chake cha kuzaliwa cha Moshi au Tabora. Jirani zetu wa Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi huuliza kama Soko la Pamoja la Afrika Mashariki linawafungulia mlango. Haliwafungulii. Kifungu cha 10 cha Itifaki ya Soko hilo, iliyoanza kutumika Julai 2010, kinaweka ajira za utumishi wa umma kando na uhuru wa kufanya kazi, isipokuwa pale sheria za nchi husika zinaporuhusu.

Umri usizidi miaka 45, na usipungue 18. Kikomo hiki hakiwahusu walioko kazini serikalini. Hesabu ya 45 inaeleweka vizuri ukiiangalia upande wa kustaafu: umri wa kustaafu kwa lazima kwa watumishi wengi ni miaka 60, na mwanachama wa PSSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, anahitaji michango ya miezi 180, yaani miaka 15, ili astahili pensheni ya kila mwezi. Ukitoa 15 kwenye 60 unabaki na 45. Kwa sababu hiyo ushauri wetu kwa anayekaribia mpaka ni kuitazama siku ya kuzaliwa ya 45 kama ndiyo mpaka wenyewe. Usijipe matumaini kwamba hadi ufikishe 46 bado umo, na ukumbuke kwamba kutoka tangazo hadi kupangiwa kituo huweza kupita miezi mingi.

Umri husomwa kwenye cheti cha kuzaliwa na kwenye namba ya NIDA. Cheti cha ubatizo au kadi ya kliniki havikubaliki badala yake.

Hatua ya 3: Kama tayari ni mtumishi, au uliwahi kuwa

Hapa ndipo wengi wanajidanganya. Aliyeajiriwa kwenye utumishi wa umma katika nafasi ya kuingilia hatakiwi kuomba tena nafasi ya kuingilia. Matangazo hurejea Waraka Na. CAC. 45/257/01/D/140 wa tarehe 30 Novemba 2010. Mwalimu aliyepangiwa Kigoma na anatamani Arusha hawezi kutumia tangazo jipya la walimu kama njia ya uhamisho. Njia yake ni kuomba uhamisho.

Hali ni tofauti kwa mtumishi aliyejiendeleza na kupata sifa za kada nyingine, kwa mfano msaidizi wa kumbukumbu aliyemaliza shahada ya sheria. Huyu hupitisha barua yake kwa mwajiri. Mwajiri aandike maoni yake na kugonga muhuri kwenye barua hiyo hiyo kabla hujaiskani. Anza mapema, maana afisa utumishi akiwa safarini na siku ya mwisho ya maombi ikipita, hakuna wa kukuongezea muda.

Kuficha kwamba wewe ni mtumishi hakufiki mbali. Una cheki namba, yaani namba yako ya utumishi, kwenye mfumo wa mishahara ya Serikali, na mwajiri mpya akianza kukuingiza taarifa zako zitaonekana. Wakati huo utakuwa umeshaaga kazi ya zamani.

Waliostaafishwa katika utumishi wa umma hawaruhusiwi kuomba, isipokuwa wawe na kibali cha Katibu Mkuu Kiongozi.

Hatua ya 4: Linganisha elimu yako na tangazo, neno kwa neno

Kima cha chini cha elimu ya kuingilia ni kidato cha nne. Sharti hili lilianza kutumika tarehe 20 Mei 2004, na ndilo lililowagusa watumishi wa darasa la saba walioajiriwa baada ya tarehe hiyo. Kwa hiyo hata dereva na mhudumu wa ofisi lazima wawe na cheti cha kidato cha nne, na kisha mafunzo ya kazi juu yake. Aliyepita njia nyingine hadi akapata stashahada bila cheti cha kidato cha nne atakwama, hata kama stashahada ni nzuri.

Sifa za kila kada hazitungwi na anayeandika tangazo. Zinatoka kwenye miundo ya maendeleo ya utumishi. Ndiyo maana maneno hujirudia mwaka hadi mwaka, na ndiyo maana unaweza kujiandaa kabla tangazo halijatoka: chukua tangazo la zamani la kada yako, usome sifa, ujipime leo.

Tazama nafasi ya Dereva Daraja la II. Tangazo hudai vitu vinne: cheti cha kidato cha nne, leseni ya daraja E au C, kuitumia leseni hiyo kazini kwa muda usiopungua mwaka mmoja bila kusababisha ajali, na mafunzo ya msingi ya uendeshaji magari kutoka VETA au chuo kingine kinachotambuliwa na Serikali. Anayeendesha gari lake la kutembelea kwa leseni ya daraja D, hata kwa miaka kumi, hana sifa. Mwenye daraja C aliyefunzwa na kaka yake mtaani, bila cheti cha mafunzo, naye hana. Mwenye vyote viwili lakini leseni imeisha muda atakataliwa siku ya kukaguliwa. Mwaka mmoja wa kazi nao unahitaji ushahidi, na barua fupi ya mwajiri inayotaja tarehe ya kuanza, aina ya gari na kwamba hukusababisha ajali inafanya kazi hiyo vizuri.

Nafasi ya Mwandishi Mwendesha Ofisi II nayo ina mtego wake. Inadai kidato cha nne au cha sita, stashahada ya uhazili au NTA (mfumo wa ngazi za tuzo za elimu ya ufundi) ngazi ya 6 ya uhazili, kufaulu hatimkato (uandishi wa haraka kwa alama za mkato) ya Kiswahili na Kiingereza maneno 100 kwa dakika moja, na mafunzo ya programu za kompyuta za ofisi kama Word, Excel, PowerPoint, intaneti na barua pepe. Mtego uko kwenye hatimkato. Mwenye maneno 80 kwa dakika hajafika, na mwenye maneno 100 kwa Kiswahili peke yake hajafika pia.

Kwa Mtendaji wa Kijiji III, sifa ni kidato cha nne au cha sita pamoja na astashahada ya NTA ngazi ya 5 katika fani zilizotajwa, kama utawala, sheria, elimu ya jamii, usimamizi wa fedha au maendeleo ya jamii, kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo au chuo kingine kinachotambuliwa na Serikali. Wenye NTA ngazi ya 4 huomba kwa wingi wakidhani cheti ni cheti. Ngazi ya 4 ni astashahada ya awali. Kumbuka mpangilio: 4 na 5 ni astashahada, 6 ni stashahada, 7 ni stashahada ya juu, 8 ni shahada ya kwanza.

Angalia pia namba iliyo mwisho wa jina la nafasi. Kwa kada nyingi za shahada na stashahada, daraja la II ndilo la kuingilia. Daraja la I, Mwandamizi na Mkuu hufikiwa kwa kupanda na kwa miaka ya kazi. Mhitimu mpya anayeomba nafasi ya Mwandamizi kwa sababu mshahara unavutia anajipotezea muda.

Halafu kuna suala la jina la kozi. Tangazo likisema «au fani nyingine inayolingana na hiyo», mlango upo, lakini anayeamua ulinganifu si wewe. Kama jina la shahada yako halifanani na yaliyotajwa, ambatisha transkripti inayoonyesha masomo yote. Tangazo likitaja fani tatu bila kuongeza maneno hayo, chukulia kwamba ni hizo tatu tu.

Mwisho, bodi za kitaaluma. Wahandisi wana ERB, maafisa ununuzi na ugavi wana PSPTB, wahasibu wana NBAA, madaktari wana Baraza la Madaktari, wauguzi na wakunga wana baraza lao, wafamasia lao. Tangazo likidai usajili, shahada peke yake haitoshi, na mahali panapotakiwa leseni ya kufanyia kazi, iwe hai siku ya usaili. Bodi hazisajili kwa siku moja, kwa hiyo fungua maombi ya usajili mara tu unapopata cheti cha kuhitimu.

Hatua ya 5: Kusanya vyeti vyenyewe

Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti ulibaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Tangu hapo hakuna afisa anayetaka kupitisha karatasi yenye mashaka, na ukali unaoukuta mlangoni unatoka huko. Usibishane naye, nenda na kinachotakiwa:

- cheti cha kuzaliwa;
- cheti cha kidato cha nne, na cha sita kama ulifika;
- vyeti vya astashahada, stashahada au shahada, pamoja na transkripti;
- cheti cha kompyuta, pale tangazo linapodai;
- cheti cha usajili wa bodi na leseni, kwa kada zinazohusika;
- picha ndogo ya pasipoti ya karibuni;
- wasifu wenye anwani, barua pepe, simu inayopatikana, na wadhamini watatu.

Nakala za kupakia zithibitishwe na wakili, kila ukurasa ukiwa na muhuri na sahihi. Siku ya usaili unabeba vyeti halisi.

Vitu vifuatavyo havikubaliki, na matangazo husema hivyo kwa herufi kubwa: hati za matokeo za kidato cha nne na sita, matokeo ya muda ya chuo, taarifa ya matokeo, na barua ya sifa kutoka shuleni au chuoni. Wahitimu wapya ndio wanaoumia hapa. Umemaliza Julai, mahafali ni Novemba, tangazo limetoka Septemba, na mkononi una taarifa ya matokeo tu. Kwa nafasi hiyo huna sifa bado. Unachoweza kufanya ni kwenda ofisi ya msajili wa chuo kuuliza kama cheti kinaweza kutolewa kabla ya mahafali, na kuhakikisha hudaiwi ada, kitabu cha maktaba wala chochote kitakachokizuia.

Cheti cha kidato cha nne ambacho hukukichukua bado kipo shuleni au kwenye ofisi iliyokipokea. Kilichopotea ni suala la NECTA, yaani Baraza la Mitihani. Anza na taarifa ya polisi, kisha fuata utaratibu wa Baraza. Hili likishughulikiwa baada ya tangazo kutoka, limeshachelewa.

Waliosoma nje ya nchi wana hatua ya ziada. Shahada hutambuliwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), vyeti vya kati na vya ufundi na NACTVET (baraza la elimu na mafunzo ya ufundi), na vyeti vya sekondari hulinganishwa na NECTA. Aliyesoma sekondari Uganda na shahada India anahitaji karatasi mbili, ya NECTA na ya TCU. Wengi huleta ya TCU tu, wakidhani chuo kilichowapokea kilishamaliza kazi ya kuhakiki sekondari.

Asiye na cheti cha kuzaliwa aanzie ofisi ya msajili wa vizazi na vifo ya wilaya, kwa kawaida ipo kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya, au kwenye mfumo wa RITA, wakala wa Serikali unaosajili vizazi na vifo. Usajili wa mtu mzima hudai ushahidi, kama cheti cha kumaliza shule ya msingi, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au barua ya mtendaji.

Hatua ya 6: Majina na tarehe zifanane

Hatua hii ndiyo inayowarudisha watu wengi nyumbani, na ndiyo inayopuuzwa. Kaa mezani na vyeti vyako vyote. Chukua karatasi, andika kwenye safu ya kwanza jina kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, safu ya pili kwenye kidato cha nne, kisha kidato cha sita, chuo, NIDA na leseni. Nakili herufi kwa herufi, ukisoma kwenye cheti chenyewe. Ukitegemea kumbukumbu, jicho linaona unachokijua badala ya kilichoandikwa.

Mfano: cheti cha kuzaliwa kinasema Asha Juma Hamisi. Kidato cha nne, Asha J Hamis. Chuo, Asha Hamisi Juma. NIDA, Asha Juma Hamisi Saidi. Kwa macho ya ndugu huyu ni mtu mmoja. Kwa afisa wa uhakiki hao ni watu wanne, na hana mamlaka ya kuamua vinginevyo. Herufi ya «i» iliyodondoka kwenye Hamisi, jina la kati lililobaki herufi moja, majina mawili yaliyobadilishana nafasi, na jina la nne lililoongezwa, kila kimoja ni tofauti.

Dawa inayotajwa kwenye matangazo ya mwito wa usaili ni deed poll, yaani hati ya kubadili jina. Huandaliwa na wakili na kisha husajiliwa kwa Msajili wa Hati, chini ya Wizara ya Ardhi. Usajili ndio unaoipa uzito. Hati iliyoishia kwenye meza ya wakili bila muhuri wa Msajili ni nusu ya kazi. Kiapo cha kawaida kinachosema majina haya mawili ni ya mtu mmoja ni hati nyingine, na mwito ukitaja deed poll usiende na kiapo ukitumaini huruma. Hakikisha pia hati inataja tofauti zote ulizoziorodhesha kwenye karatasi yako. Mara nyingi mtu hurekebisha tofauti ya kidato cha nne, akasahau ya chuo.

Wanawake waliochukua jina la mume baada ya kuhitimu waangalie hili kwa makini. NIDA ikisoma jina la ndoa na vyeti vikisoma jina la baba, tofauti ipo na inahitaji hati.

Tarehe ya kuzaliwa ni rahisi kuikagua. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku. Namba inayoanza na 19960412 inasema ulizaliwa tarehe 12 Aprili 1996. Cheti cha kuzaliwa kikisema 14 Februari 1996, nenda ofisi ya NIDA ya wilaya yako ukiwa na cheti hicho, kabla ya jambo lingine lolote. Usifanye kinyume, yaani kutafuta cheti kipya cha kuzaliwa kitakachofuata namba. Taarifa za kughushi huishia kwenye hatua za kisheria, na tangazo lenyewe linaonya.

Hatua ya 7: Jaza mfumo kana kwamba hakuna atakayefungua viambatisho

Akaunti hufunguliwa kwa namba ya NIDA. Tumia barua pepe yako mwenyewe, siyo ya mwenye steshenari. Wanaofunguliwa akaunti na mtu mwingine hupoteza nenosiri, kisha hushindwa kuona namba ya mtihani siku chache kabla ya usaili.

Kwenye sehemu ya elimu utachagua ngazi, chuo na kozi kutoka kwenye orodha. Chagua kozi iliyo karibu zaidi na cheti chako na usikimbilie ya kwanza unayoiona, kwa sababu mchujo unaanza na ulichochagua. Mwenye stashahada aliyejiandika astashahada kwa bahati mbaya ataachwa nje, hata kama PDF yake iko sawa. Jaza kidato cha nne hata kama una shahada ya uzamili.

Kila kiambatisho kiwe kwenye nafasi yake: cheti kwenye cheti, transkripti kwenye transkripti. Skani kwa kichanganuzi, kwani picha ya simu yenye kivuli huficha muhuri. Faili likiwa kubwa kupita kikomo kinachoonyeshwa, lipunguze, kisha lifungue tena uone kama namba ya cheti bado inasomeka.

Jaza anwani ya makazi ya sasa kwa uangalifu, hasa mkoa. Usaili wa mchujo hufanyika mikoani, na msailiwa hupangwa kulingana na makazi aliyoandika. Aliyehama Mwanza kwenda Mbeya bila kuhuisha taarifa anaweza kujikuta amepangiwa Mwanza.

Mwenye ulemavu aainishe aina ya ulemavu wake kwenye mfumo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 ya watu wenye ulemavu, na matangazo huwahamasisha waombe. Usipojaza, kituo hakitajua kwamba unahitaji maandishi makubwa, mkalimani au chumba cha chini.

Maombi ni bure. Anayekuomba hela ili jina litoke ni tapeli, hata akiwa na kitambulisho.

Hatua ya 8: Mwito ukitoka

Ingia kwenye akaunti na unakili namba ya mtihani mapema, maana haitolewi kituoni. Soma tarehe, saa na kituo cha kada yako, kwa kuwa tangazo moja huwa na kada nyingi zenye siku tofauti. Usaili wa kwanza ni wa mchujo, wa kuandika au kwa kompyuta. Madereva, waandishi waendesha ofisi na kada kama hizo huwa na usaili wa vitendo, na wanaovuka huitwa kwenye mahojiano ya ana kwa ana. Nauli, chakula na malazi ni juu yako kila mara.

Kitambulisho kiwe kimoja kati ya hivi: cha Taifa, cha mkazi, cha mpiga kura, hati ya kusafiria, leseni ya udereva, au barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa au kijiji. Barua hiyo ndiyo mkombozi wa aliyepoteza kitambulisho wiki ile ile. Ichukue ikiwa na picha yako na muhuri uliogongwa nusu kwenye picha na nusu kwenye karatasi.

Vyeti halisi vipange kwa mfuatano: kuzaliwa, kidato cha nne, cha sita, chuo, bodi, hati ya jina. Usivibandike plastiki inayoyeyushwa kwa joto. Muhuri uliobonyezwa kwenye karatasi haupapasiki tena na mkaguzi anaanza kuuliza maswali.

Wanaofaulu na kupangiwa vituo hupata barua kwenye akaunti zao, na barua hiyo ina muda wa kuripoti. Mwajiri atakagua vyeti halisi kuanzia kidato cha nne kabla ya kutoa barua ya ajira, kwa hiyo visiachwe kijijini wala kwa mdhamini wa mkopo. Anayechelewa kupita muda ulioandikwa bila taarifa anaweza kukuta nafasi yake imepewa mwingine aliyefaulu ambaye jina lake liko kwenye kanzidata.